Mwaka Bibi Alipokataza Zawadi za Dukani

Ujumbe ulinikuta dukani Babati. Nilikuwa nimeshika karatasi yenye majina ya watoto kumi na tisa wa ukoo wetu, na mkononi nina gauni ambalo sikuwa na hakika litamtosha nani. Unazijua siku zile za mwisho kabla ya Krismasi, rafiki yangu. Kila mtu anakukanyaga, kichwa kinagonga, na bado unaogopa kwamba kuna mtoto umemsahau na mama yake atanuna mpaka Pasaka. Simu ikatetemeka. Binti wa baba mkubwa, yule anayekaa Arusha, alikuwa ameandika kwenye kundi la familia: "Jamani, hizi zawadi zinatuchosha. Mwaka huu tupige kura ya majina. Kila mtu ampe mtu mmoja tu, kitu alichotengeneza mwenyewe. Mnasemaje?"

Watu wakashangilia. Shangazi akaandika, "Mwanangu, una akili sana." Makofi yakamiminika. Mimi nikarudisha gauni kwenye kamba, nikatoka nje, nikasimama juani nimevimba kwa hasira. Wazo lile halikuwa lake. Lilikuwa la Bibi. Na aliyekaa na Bibi ni mimi, si yeye.

Nilikulia kijijini Daudi, kwenye nyumba ya Bibi, mama yake baba. Desemba kwetu ni baridi ya mvua. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mahindi mpaka saa nne, na ukitoka kwenda kisimani nyasi zinakulowesha hadi magotini. Ndani kulinukia moshi, maziwa ya mgando na vitunguu saumu vilivyoning'inizwa darini. Mimi nililala kitanda kimoja na Bibi. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kufagia mavi ya kondoo, na kumshikia Bibi uzi anaposhona, kwa maana yeye mwenyewe hakuwa tena na macho ya kupenyeza uzi kwenye sindano.

Krismasi baba wakubwa, baba wadogo na shangazi walirudi kutoka kila upande, na kila kaya ilileta zawadi kwa watoto wote. Ndivyo ilivyokuwa. Mama, tuliyeishi naye hapo kwa Bibi, alianza kukosa usingizi tangu Novemba. Watoto tulipangwa mstari uani, kila mzazi akifungua mfuko wake mbele ya wengine, na macho ya watu wazima yalikuwa makali kuliko yetu. Nani kaleta nini. Nani kaleta kidogo.

Binti wa baba mkubwa alikuwa rika langu, amenizidi miezi mitatu. Alikuja na soksi nyeupe zenye lesi na viatu vyekundu vilivyolia ko, ko, ko kwenye sakafu ya kanisa. Mimi nilivaa gauni lililokatwa kwenye kitambaa kimoja na mapazia ya sebuleni. Aliposimama mbele ya mapazia akanitazama mimi, akayatazama mapazia, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Mwaka huo ndio mama mdogo wa kutoka Balangdalalu alikuja mikono mitupu. Alikuwa mke wa baba mdogo, mtu wa wafugaji wa kule chini tambarare, mrefu, mpole, Kiswahili chake kidogo kama cha Bibi. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe. Mifuko ilipoanza kufunguliwa akaingia jikoni, akakaa karibu na mafiga, akajifanya anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nikasikia mmoja wa shangazi akisema kwa sauti ya kusikika, "Na wengine wanakuja kula tu." Pilau ilipoiva hakutoka. Kesho yake alfajiri akaondoka na mtoto wake mgongoni, hakuaga mtu.

Bibi alipogundua, aliwaita watu wote uani. Hakupandisha sauti. "Sikukuu gani hii ambayo mtu anaikimbia?" aliuliza. Basi akasema kuanzia mwaka unaofuata kila mtu, mkubwa na mdogo, atampa mtu mmoja zawadi moja, na isitoke dukani. "Kama huna mikono, usilete kitu. Lakini mikono mnayo."

Majina yakaandikwa palepale kwenye vipande vya daftari langu la shule, na la mama mdogo likiwemo, yakatikiswa ndani ya ungo. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nikawaza, sasa tutaona viatu vyekundu vitatoka wapi.

Bibi hakujua kusoma. Akachukua karatasi yake akaniletea. "Nisomee, mjukuu wangu." Nikaikunjua. Lilikuwa jina la binti wa baba mkubwa. Ninakuambia ukweli, ilibaki nusu pumzi nitamke jina langu badala yake. Nani angejua? Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ananipumulia kisogoni. Nikasoma kilichoandikwa. Bibi akatabasamu, akasema, "Vizuri. Huyo simjui vizuri." Nami nikaona dunia imenionea.

Nilibeba wivu ule mwaka mzima. Vibuyu vilipokauka, Bibi akachagua kimoja chenye shingo nzuri, akakitoboa, akakisafisha, akakifukiza kwa mkaa mpaka kikanukia. Kisha akaanza kutia shanga kwenye mkanda wa ngozi wa kukibebea, nyeupe, bluu, nyeupe, bluu. Kila jioni nilimpenyezea uzi kwenye sindano ya kushonea zawadi ya mtu mwingine. Nikimwuliza jambo, ananijibu macho yakiwa kwenye shanga. Mimi niliyemchotea maji! Yule anayekuja siku nne kwa mwaka, hajui hata kukamua!

Siku mbili kabla ya sikukuu, Bibi alikwenda kupamba kanisa na akina mama wenzake. Nikakichukua kibuyu. Sikutaka kukivunja, nilitaka kukificha darini, nyuma ya mahindi, ili Krismasi ifike yeye hana kitu cha kumpa. Nilikuwa katikati ya ngazi kiliponiponyoka. Kikapiga jiwe la kusagia. Ufa ukakimbia kutoka shingoni hadi tumboni.

Nikakirudisha mahali pake, nimeugeuzia ukuta upande wa ufa. Nikaenda kukaa zizini na kondoo.

Bibi aliporudi aliingia ndani. Kisha akaniita. "Shikamoo, Bibi," nikasema, ingawa asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwamkia.

"Marahaba. Njoo unishikie."

Hakuuliza lolote. Alikuwa ameweka waya motoni. Alitoboa vitundu vidogo pande mbili za ufa, kimoja kimoja, moshi mchungu ukipanda, nami nimekumbatia kibuyu mapajani. "Shika vizuri," alisema. "Ukitikisika, tundu litakuwa kubwa." Kisha akaushona ufa kwa singa za mkia wa ng'ombe. Tulikaa hivyo mpaka jioni, mvua ikipiga bati, kichwa chake karibu na changu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Mwisho akakandika nta kwenye mshono, akasema, "Kinashika maziwa," basi.

Krismasi ile ilikuwa ya ajabu. Hakuna mstari uani, hakuna mifuko. Baba mkubwa, bwana wa ofisini, ndiye aliyekuwa amepata jina langu. Alinipa mwiko aliouchonga mwenyewe, umepinda kama mguu wa kuku. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka zaidi ya wote. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Mama alilala usiku mzima.

Mimi nilikuwa nimepata jina la mama mdogo wa Balangdalalu, na kwa jinsi wivu ulivyonijaa sikuwa nimemtengenezea kitu. Asubuhi ile nikakata majani haraka haraka, nikafunga ufagio. Nilimpa nikiangalia chini kwa aibu. Akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akainama palepale, akaanza kufagia ua, kuanzia mlangoni hadi zizini, huku akiimba kwa lugha yao. Shangazi aliyemsema mwaka uliotangulia akaenda kumshikia mtoto. Safari hii mama mdogo alikaa mpaka mwaka mpya.

Na binti wa baba mkubwa akapewa kibuyu chake. Alikibeba kifuani kama mtoto mchanga, hakukiweka chini hata wakati wa kula. Nilimtazama nikakosa hamu ya pilau.

Sasa nimesimama nje ya duka Babati, mtu mzima mwenye watoto watatu, wivu uleule ukinichoma. Nikampigia simu.

"Lile wazo si lako," nikasema bila salamu. "Ni la Bibi."

Akasema, "Najua. Niliandika hivyo kwanza, nikafuta."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mtasema najifanya namjua Bibi kuliko nyinyi mliokaa naye." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu? Kila tulipoondoka Daudi nililia hadi Babati. Baba alidhani naumwa tumbo. Wewe ulikuwa unabaki, unalala naye. Mimi nilipewa kibuyu."

Nikamweleza habari ya ngazi na jiwe la kusagia, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Wewe?" akasema kwa mshangao. "Bibi aliniambia alikiangusha mwenyewe. Aliniomba msamaha."

Kwa hiyo ule mzigo aliubeba yeye. Mwanamke mzee alimwomba msamaha mtoto wa miaka tisa kwa kosa langu, na akanyamaza mpaka tukamzika.

Ile nyumba haipo tena. Pamesimama ya matofali, nzuri, ya kaka yangu. Maziwa yanakaa kwenye madumu ya plastiki. Mama mdogo naye amekwisha kutangulia. Tutapiga kura, nimekubali, nami nitajaribu kutengeneza kitu kwa mikono hii iliyozoea simu. Lakini wivu haujaniisha, rafiki yangu. Sasa ninamwonea binti wa baba mkubwa wivu kwa kile kilio chake. Yeye alilia kila mwaka alipoachana na Bibi. Mimi sikulia hata mara moja. Nilidhani ninabaki naye daima.