Wakwe wanakuja kutembezwa kwenye mvinyo, na mimi ndiye wa kuonja kwanza

Habari zenu humu ndani. Admin, jina langu baki nalo wewe mwenyewe, maana shangazi wa mume wangu naye yumo kwenye huu ukurasa na hapitwi na posti. Mimi ni mama wa miaka 34, Mchaga, naishi Arusha na mume wangu na mtoto wetu mmoja wa miaka mitano, nimwite Gift. Kazi yangu ni kuwapangia watalii safari: watashuka wapi, watakula wapi, choo kiko wapi. Kwa hiyo ukoo mzima ukitaka kwenda popote unaambiwa, mwulizeni mama Gift.

Mwezi uliopita baba mkubwa wa mume wangu alipiga simu kutoka Rombo. Ana migomba mingi, amechoka kuona ndizi zinaozea shambani, sasa anataka kujifunza kutengeneza mvinyo wa ndizi. Akaniambia, "Mkamwana, wewe unazungusha Wazungu kila siku, sasa na mimi nizungushe. Nione wenzetu wa huko wanafanyaje, nionje, halafu jioni tule kwako. Nakuja na shangazi yenu."

Nikajibu, "Sawa baba, karibuni sana." Nilipokata simu nilikaa chini palepale jikoni.

Ndugu zangu, mimi ni mlevi. Sijagusa pombe miaka miwili na miezi minne sasa, ila siwezi kusema nilikuwa mlevi, nasema ni mlevi. Tulipokuwa tunakaa Levolosi nilikuwa nakunywa mchana mume wangu akiwa kazini. Siku moja alasiri nilibandika maharage, nikafunga mlango kwa ndani, nikanywa mpaka nikalala kwenye kochi. Jirani aliona moshi dirishani akavunja mlango. Alimkuta Gift amejificha nyuma ya pazia anakohoa, na mimi sisikii chochote. Mume wangu aliwaambia kwao kwamba jiko la gesi lilikuwa bovu. Mpaka leo shangazi akija kwangu ananusa jiko kwanza kabla ya kukaa.

Sasa sikilizeni kinachoninyima amani. Kwetu anayemimina kinywaji huonja yeye kwanza mbele ya mkubwa, ndipo anamkabidhi. Maana yake ni kwamba sijakuwekea kitu. Nyumba ikiwa yangu, wa kumimina ni mimi, na baba mkubwa anafuata mila kuliko mchungaji anavyofuata ratiba ya ibada. Krismasi iliyopita ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nikakwepa nikasema natumia dawa. Shangazi akauliza mbele ya watu, "Dawa gani hiyo haiishi? Au kuna kitu kwenye hiyo mbege?" Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Nilimwambia mume wangu tuseme ukweli kabla hawajafika. Aliruka. "Unataka wamchukue mtoto? Unamjua shangazi. Mtoto wa kaka yangu alimbeba kwa sababu mama yake alichelewa kumfuata shule mara mbili tu."

"Sasa nifanyeje mezani?"

"Chovya mdomo tu mke wangu, usimeze. Nani atakuchungulia kooni?"

"Baba mkubwa."

"Basi meza kidogo. Miaka yote hii, umeshapona."

Hilo neno lilinitisha kuliko yote aliyosema. Yeye ndiye mlinzi wangu wa pekee, na tayari anaamini nimepona.

Jumamosi nilikwenda kukagua sehemu tutakazopita, kama ninavyofanya kwa watalii. Kwanza mama mmoja Kijenge anayetengeneza mvinyo wa ndizi na wa maua ya rosela, kisha shamba moja chini ya Mlima Meru lenye mapipa. Yule mama wa Kijenge ni mkarimu, alinisogezea glasi kabla sijaketi. "Onja dada, huu umekaa vizuri." Harufu iliponifikia mate yalinijaa mdomoni. Nilisema nimesahau simu kwenye gari, nikatoka, nikajifungia humo ndani. Nilirudi dakika ishirini baadaye nikamwambia ratiba imebana. Naona aibu kuandika hivi, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikukasirika kupewa ile glasi. Nilifurahi.

Jana nikakaa kuipitia ratiba. Kazini ndivyo tunavyofanya, mtu anaipitia kama vile yeye ndiye mgeni. Ijumaa jioni wanafika. Jumamosi kutembea, kuonja, kununua chupa za kubeba, jioni machalari, zile ndizi zetu za nyama, kwangu. Jumapili asubuhi mume wangu anawarudisha Rombo na analala huko. Gift anakwenda kwa dada yangu tangu Ijumaa, arudi Jumatatu.

Nikasimama hapo kwenye Jumatatu. Mume wangu alipouliza kwa nini mtoto asirudi Jumapili, nilimjibu kwamba kwa dada ni karibu na shule. Akakubali bila kuwaza. Si kweli. Shule iko hapahapa Sekei, tunatembea kwa miguu. Na chupa za kununua nilikuwa nimeandika sita, wageni ni wawili.

Yaani nimejipangia Jumapili nzima, peke yangu, na chupa zitakazobaki, na mtoto nimemwondoa ili asiwe nyuma ya pazia tena. Mwandiko ni wangu, na naapa sikumbuki kuamua hivyo.

Wanafika keshokutwa. Nikisema ukweli mezani naogopa shangazi ataondoka na mwanangu. Nikionja, najijua. Mliowahi kupita hapa, na nyie mnaowajua wakwe wa kwetu, msinitukane, niambieni nianzie kwa nani. Dada yangu, ambaye hajui lolote, ametuma ujumbe sasa hivi anauliza aje kumchukua Gift saa ngapi. Nimeshika simu. Nimjibu nini?