Mbwa wa Kuchunga Asiye na Ng'ombe

Nilimnyoa mbwa. Naanza na hilo kwa sababu kijiji chetu chote cha Usevya kinalijua, na nisipolisema mimi watalisema wao. Nilichukua mkasi wa mke wangu wa kushonea, nikamvua yule mnyama manyoya yote, nikidhani namwonea huruma kwa joto la Oktoba.

Mbwa huyo niliachiwa na padri wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa mbwa wa kuchunga mifugo, wa aina ambayo sidhani kama Mpanda yote ilikuwa na wa pili: manyoya kama mkeka uliofumuka, jicho moja la bluu, na tabia ya kujilaza chini na kukukodolea mpaka ukumbuke dhambi zako. Padri alinielekeza taratibu.

"Usimnyoe, manyoya ndiyo mwavuli wake. Mchane, mtoe kupe. Na mpe kazi, la sivyo ataitafuta mwenyewe."

Nikaitikia kila neno, kama nilivyokuwa nikiitikia sekondari, na kwa faida ileile.

Kazi gani sasa? Sikuwa na hata mbuzi. Shughuli yangu ilikuwa kukaa barazani na redio, na nilimtaka mbwa akae nami ili wapita njia waulize habari zake. Nikamfunga kamba. Mgongo ulio wazi ukaungua na jua, ukatoka malengelenge. Akagomea dagaa, akagomea hata ugali na maziwa.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "huyo anakufa, na utamzika peke yako."

Niliogopa kweli. Nilikuwa nimempenda, ila si kiasi cha kunyanyuka kwenye kiti.

Nikampaka mafuta ya mawese, nikamfungua kamba. Manyoya yalivyoanza kurudi, naye akarudi. Kwanza alikusanya kuku wetu wote chini ya kihenge. Kisha akawageuza watoto wa mtaa wetu waliokuwa wanakwenda shule, akawaleta kwetu wamebanana na madaftari yao. Hapo nilicheka. Halafu akaleta ng'ombe.

Walikuwa wa jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia na kundi lake kutoka Shinyanga. Mbwa aliwapitisha katikati ya kitalu cha mpunga cha mke wangu, akawasimamisha mbele ya kiti changu, akalala chini akinitazama, anasubiri nimwambie la kufanya. Nikaongeza sauti ya redio. Mke wangu alikuwa na maneno mengi, na hakumwambia mbwa hata moja.

Mzee alifika bila haraka, fimbo begani. Akapiga mluzi. Mbwa akainuka, akawazungusha ng'ombe, akawatoa uani kwa mstari, wala hakugeuka kuniangalia.

"Mzee," nikasema, "huyo mbwa ni wangu."

Akanitazama mimi, akaitazama redio.

"Kijana, ng'ombe nawachukua na mbwa namchukua. Kiti nakuachia, hicho ndicho unachokiweza."