Ardith Cagle na Sakafu Iliyooza

Ardith Cagle na shemeji yake Hoyt Bramlett walikuwa na miaka saba hawajasalimiana, lakini usidhani walinyamaziana. Wakikutana dukani, Hoyt alimpazia sauti muuzaji: "Funika unga wako, fuko kaingia!" Naye Ardith, bila kugeuza shingo, alijibu: "Fuko anachimba tu. Wewe unazika."

Jina la fuko lilitokana na kazi ya Ardith. Katika sehemu ile ya Alabama, nusu ya watu waliishi katika nyumba zinazoundwa kiwandani, zile zinazovutwa na lori vipande viwili, zikaunganishwa na kukalishwa juu ya matofali. Ardith alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ishirini na miwili, akijaza pamba ya kuzuia joto chini ya sakafu na kuifunika kwa ile ngozi nyeusi ya plastiki ambayo mafundi huiita tumbo. Kiwanda kilipofungwa, alinunua ovaroli, taa ya kichwani na kisu, akaanza kutambaa chini ya nyumba za watu kuzitafutia ugonjwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yamekwisha, lakini alizijua nyumba zile kama mchinjaji amjuavyo ng'ombe.

Hoyt alikuwa mtu wa kuzikalisha nyumba hizo. Yeye ndiye aliyemkalishia nyumba yake mama mkwe, yaani mama yao Ardith na Nelda, mke wa Hoyt. Aliiweka bondeni, juu ya udongo mtupu, bila karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu chini wala mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Ndani ya miaka minne ukuta wa kitandani kwa bibi huyo ukawa mweusi kwa kuvu, na kifua chake kikaanza kukoroma. Alipofariki, daktari hakusema ni nyumba. Aliyesema ni Ardith, siku ya maziko, mbele ya waumini walioshika sahani za kuku. Hoyt alitema mate karibu na viatu vya Ardith. Nelda, mdogo wa Ardith wa tumbo moja, alimshika mumewe mkono wakaondoka, na undugu ukakatikia pale.

Basi mwezi wa Agosti, fukuto limeshika mpaka mbwa hawabweki, simu ya Ardith ikalia. Alikuwa Darla, binti wa Nelda na Hoyt.

"Mama mkubwa, mguu wangu umezama bafuni. Sakafu imeachia."

"Nani kaikalisha hiyo nyumba?"

"Si unajua."

"Basi mwambie aje akuchomoe."

"Nimemwambia! Anasema kosa ni langu, eti nachemsha maharage sana na naoga kama bata. Mama mkubwa, mtoto wangu anapumua kama paka. Usiku na mchana."

Ardith alikata simu bila kuaga, akachukua ovaroli.

Alipofika, gari la Hoyt lilikuwa uani. Nelda alikuwa ndani yake, vioo vimepandishwa, anatazama mbele kama picha ya pasipoti. Hoyt mwenyewe alikaa kwenye ngazi, miguu ameitandaza.

"Hapa hakuna maiti ya kunisingizia," alisema.

"Bado," alijibu Ardith. "Sogea."

Hakusogea. Darla akatokea mlangoni na mtoto begani. "Baba, toka kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemwita."

Hoyt akavuta mguu mmoja. Mmoja tu. Ardith akapita kwa ubavu.

Ndani mlikuwa na baridi ya buchani. Kiyoyozi kilinguruma kikipuliza moja kwa moja kwenye ukuta wa bafu, na juu ya karatasi ya plastiki iliyopamba ukuta ule palikuwa na madoa ya waridi na zambarau. Ardith alibonyeza kwa kidole. Ukuta ulibonyea kama mkate uliolowa.

"Umeona glasi ya chai ya barafu inavyotoka jasho?" alimwuliza Darla. "Huu ukuta ndiyo glasi. Hewa ya nje ina maji tele, inapenya, inakuta ubaridi, inageuka maji. Yangetoka, lakini plastiki hii imeyafungia. Si maharage yako."

Kisha akatoka nje, akang'oa kipande cha sketi, yale mabati yanayoizunguka nyumba chini, akajipenyeza. Hewa ya mle ilikuwa nzito na ya moto, inanuka sabuni na uozo. Bomba la mashine ya kukaushia nguo lilikuwa limechomoka, linapulizia mvuke wote kulekule chini. Maji ya kiyoyozi yalidondoka papo hapo, ardhi imekuwa tope. Matundu ya hewa kwenye sketi, yote sita, yalikuwa yamezibwa kwa sifongo na kupigwa gundi. Na tumbo la nyumba lilikuwa limejaa maji, limening'inia kama kiwele. Alilichana kwa kisu, maji machafu na pamba iliyooza vikammwagikia usoni.

Kule nje alisikia Hoyt akicheka.

Alitoka akiwa mweusi kuanzia nywele mpaka kiunoni, akamtupia sifongo miguuni. "Nani kaziba matundu?"

"Mimi. Mabomba yasigande wakati wa baridi."

"Mabomba huvishwa pamba, shemeji. Nyumba hainyongwi."

"Nimekalisha nyumba mia mbili, mwanamke! Mia mbili!"

"Na mimi nimetambaa chini ya arobaini kati ya hizo. Sihitaji kuambiwa ni zako. Nikikuta tope, najua niko kwako."

Hoyt alisimama, ngumi amekunja. Darla akajitia kati yao, mtoto akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa na mluzi ndani yake. Hoyt aliusikia. Aliingia garini, akaondoka akitimua vumbi. Nelda hakugeuza kichwa.

Kazi ilichukua siku tatu. Ardith alipeleka bomba la mashine mpaka nje ya sketi, akayaongoza maji ya kiyoyozi mbali, akayafungua matundu, akachimba mfereji upande wa mlimani. Alikausha tope kwa feni, akatandika plastiki nene chini kote, kila kipande kikilalia mwenzake kwa urefu wa mkono. Alibandua ukuta uliooza, akakata sakafu na kuweka mbao mpya. Darla aliamriwa apunguze ubaridi na augeuze upepo usipige ukutani.

Siku ya pili boriti moja ilikuwa imedidimia, na Ardith alikuwa na jeki moja tu. Hoyt alitokea, sijui kaambiwa na nani, akaburuta jeki yake mpaka chini ya nyumba na kulala chali kando ya Ardith bila hodi.

"Pandisha," alisema Ardith.

"Najua kupandisha."

Walipandisha. Mbao zililia. Baada ya muda Hoyt alisema, macho yakiwa juu, "Mama yako alikuwa anavuta sigara."

"Alikuwa anavuta. Na wewe ukamlaza juu ya dimbwi. Pandisha."

Alipandisha kwa nguvu kiasi kwamba kioo cha dirisha la jikoni kilipasuka. Hakuna aliyecheka.

Baada ya wiki sita sakafu ilikuwa kavu na mtoto alipumua bila mluzi. Hoyt alitangaza kwenye duka la chakula cha mifugo na vifaa kwamba ameitengeneza nyumba ya bintiye. Ardith alizisikia habari hizo, akanunua misumari yake akaenda zake.

Mwezi wa Oktoba aliingia chini ya nyumba mpya ya mzee mmoja, akakuta plastiki imetandikwa vizuri, matundu yote wazi. Alipouliza aliyeikalisha, akaambiwa ni Bramlett. Watu hudhani alifurahi. Alirudi garini akaupiga usukani mpaka kiganja kikavimba. Miaka saba! Kumbe mtu huyu anaweza akitaka.

Ilipokaribia Sikukuu ya Shukrani mwezi wa Novemba, siku ambayo ndugu wote hula meza moja, Darla alipiga simu huku akilia. Alitaka wote waje kula kwake, lakini Nelda amesema akiwapo Ardith, yeye haji.

"Sasa mimi nifanyeje, mama mkubwa?"

"Mpe mama yako kiti. Mimi nina kazi."

Haikuwa uongo. Siku ile ya sikukuu alivuka daraja kwenda kwa mjane mmoja ambaye bomba la bafu lilikuwa likivuja tangu Jumatatu, akavaa ovaroli, akalala kifudifudi, akaingia chini ya nyumba.