Mama Sabuni na Magodoro ya Darasa la Sita

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, katika chumba cha nyuma ya duka la dobi, baba yake akiwa bado ameshika pasi ya mkaa. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza kutembea, akalelewa na shangazi kwa nguo za kupewa. Nguo hizo, alikuja kusimulia baadaye, zilinuka nyumba za watu, na wenzake shuleni walimtania kwa kutaja kila gauni lilikotoka. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano alisikia Injili ya Bwana akiwaosha wanafunzi miguu, akaazimia kuwatumikia watoto wasio na wazazi, na kwamba mkono wake hautawapa kitu kichafu.

Hakuolewa. Alisomea ualimu, akakabidhiwa darasa la sita, na kila mwaka darasa hilo lilikusanya michango kwa ajili ya nyumba ya watoto yatima iliyokuwa nyuma ya kanisa. Sheria yake ilikuwa moja: kisichofuliwa hakitolewi. Watu wakambandika jina Mama Sabuni. Lilikuwa jina la kebehi, naye akaliitikia kwa upole hadi likageuka la heshima.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka ambao wakaguzi walitangaza kuwa nyumba ile itafungwa, na watoto watawanywe, kaka huku na dada kule, wasipokuta kila mtoto ana kitanda na godoro lake. Darasa likaingia mitaani. Waliimba sokoni, wakaosha magari. Fedha zikanunua vitanda, na wenye mapenzi mema wakatoa magodoro. Siku moja kabla ya ukaguzi, mwalimu aliitwa kikaoni. Aliporudi aliwakuta wanafunzi wamelowa chepechepe, wakingoja awasifu. Walikuwa wameyafua magodoro yote ya sponji, wakayasuuza mara mbili.

Mwalimu mkuu alishika kichwa, akasema kwamba Mama Sabuni amevuna alichopanda. Mama Sabuni aliminya godoro moja, maji yakamchuruzikia viatuni. Hakumkemea mtoto yeyote. "Wametii," alisema. "Kosa la mtii hubebwa na aliyeamuru." Akajitwika godoro lile, akatoka nalo barabarani, na darasa likamfuata kama siafu, kila wawili na godoro lao.

Muuza nyama wa kona alicheka hadi akaweka kisu chini. "Mwalimu, mvua imekunyeshea peke yako?" Alipoelezwa, alifuta mikono. Aliingia ndani, akarudi na godoro la kitandani kwake.

"Nipe hilo bichi, mama. Mimi leo nitalala sakafuni, mgongo wangu hauna ukaguzi."

Mshonaji akaona, akabadilisha lake. Kinyozi naye. Mtaa mzima ukafungua milango, na wa mwisho kuja, godoro begani, alikuwa mwalimu mkuu. Asubuhi wakaguzi walikuta kila mtoto juu ya godoro lake kavu, na mmoja amelala fofofo, hataki kuamka. Nyumba ile haikufungwa, na ipo mpaka leo. Waamini wanasimulia kama ajabu kwamba yale yaliyolowa yalipokauka, hakuna hata mmoja aliyekwenda kudai lake.

Mama Sabuni alifariki uzeeni, kwa amani, juu ya shuka lililofuliwa na wanafunzi wake wa zamani, wakiwa sasa na mvi. Nasi tunaoguswa kutoa, tusitafute kile kilichotuchosha. Tutoe kile tunacholalia, tena kikiwa safi.