Walionisukuma Kilimani Boito

Mtu asiniambie habari za sheria. Sheria nilizisoma mwenyewe, na siku ile walipotusomea pale Kericho nilikaa mbele kabisa nikasikiza mpaka mwisho. Kofia kichwani. Usirushe takataka. Usikate kona ukapita katikati ya majani chai ya watu. Usipokee msaada wa nje, isipokuwa kwenye vituo vya maji. Nilielewa yote. Kwa hivyo yule anayezunguka akisema ati nilitolewa kwenye mashindano ya baiskeli kwa sababu watu wa huku hatujui kusoma, aje aniambie mimi machoni.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimezunguka Konoin miaka mingi nikitibu ng'ombe, kwanza kwa miguu, baadaye kwa pikipiki ya kuazima, mwishowe kwa baiskeli, kwa sababu baiskeli haiombi petroli na inapita mahali ambapo pikipiki inalala ubavu. Nilianza na ile nyeusi ya kawaida yenye keria ya mizigo. Ya pili niliipata kwa mitumba, hii wanayoiita graveli: nyembamba kama zile za lami, lakini ina magurudumu ya kushika kokoto na usukani uliojikunja kushuka chini. Wazee wa kwetu waliuita pembe za kondoo. Mmoja aliniuliza kama huwa inapiga watu.

Mashindano yalipotangazwa, nilijua ni yangu. Ilikuwa siku nzima ya kukanyaga, na lami kidogo sana: kutoka Kericho hadi Kabianga, kisha njia za ndani za mashamba ya chai, kushuka mtoni, kupanda kilima cha Boito, halafu kurudi mjini. Barabara hizo nazijua shimo kwa shimo, nimeziendea kwa ng'ombe wa watu mvua ikinyesha. Na wanawake watatu wa kwanza wangepelekwa nje kushindana na wenzao, kila kitu kimelipwa. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na sijawahi kupanda ndege. Nilipomwambia mume wangu kwamba naitafuta nafasi ya tatu, alicheka. Kisha akaona mimi sicheki, akaenda kuupaka mnyororo mafuta.

Siku yenyewe nilianza vizuri. Pale Kabianga wanafunzi wa chuo walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wakipiga makelele, "Mathe, kanyaga! Mathe, usituangushe!" Mathe ni mamako, nilisema moyoni. Lakini nilikanyaga. Kwenye kituo cha maji baada ya hapo niliambiwa niko wa tatu kwa wanawake. Wa pili ndiye niliyemkuta pale, anajitayarisha kuondoka. Gari lake lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma. Fundi akimbadilishia gurudumu safi, mwingine akimvalisha koti la mvua, wa tatu amemshikia ndizi iliyokwisha kumenywa. Mimi nilikunywa maji yangu nikaondoka nyuma yake. Sikumwonea wivu. Naomba hiyo ndizi ikumbukwe lakini.

Mvua ya huku haihitaji kutangazwa. Ilikuja mchana kama kawaida yake, nikiwa nimeshuka hadi mtoni, na kilima cha Boito kiko mbele yangu. Udongo mwekundu ukilowa unashika. Ulijaa kati ya tairi na foko, ule uma unaolishika, mpaka gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Nikashuka. Nikauchokoa kwa vidole, nikapiga hatua chache nikivuta, ukajaa tena. Baiskeli ikawa nzito hata singeweza kuibeba. Na nilikuwa nikijua kwamba wa nne anakuja.

Wakati huo wanawake walikuwa wakirudi kutoka kituo cha majani, wamekwisha kupimiwa chai yao, vikapu mgongoni vitupu. Nawajua wote. Mbele yao alikuwa mama mzee ambaye sisi wote humwita kogo, yaani nyanya, ingawa si nyanya yangu wa kuzaliwa. Alisimama chini ya mwavuli wake akanitazama kama anatazama ng'ombe aliyeanguka mtaroni.

"Daktari! Ni wewe unavuta hiyo kitu?"

"Ni mimi, kogo. Niacheni kwanza, niko kwa mashindano."

"Woiye! Mashindano ndiyo yamekufanya hivyo?"

Na kabla sijajibu, vikapu vilikuwa vimewekwa chini. Mmoja amevunja kijiti anachokoa matope kwenye gurudumu, wawili wameshika tandiko, mwingine ameniwekea mkono mgongoni. Nilipiga kelele. Haki nilipiga kelele. "Msiniguse! Wacheni, ni makosa! Nitaondolewa!"

"Makosa?" kogo akasema. "Ulipoingiza mkono kwa ng'ombe yangu mpaka begani ukamtoa ndama, mimi nilikuambia ni makosa?"

Wakacheka wote. Ningefanya nini? Niwapige teke? Niwatupie matope? Huku kwetu mtu akikwama kilimani, awe na mkokoteni, awe na gari, awe na gunia la makaa, anayepita anaweka mzigo wake chini na kusukuma. Hakuna anayeulizwa kama anataka. Kumpita mtu hivi hivi ni jambo ambalo litasemwa juu yako mpaka kwenye mazishi yako. Walinipandisha kwa baiskeli, wakanisukuma wakikimbia, aproni zao za plastiki zikipigapiga, mpaka pale juu ambapo udongo unakuwa na changarawe. Nyuma yetu kulikuwa na pikipiki ya mpiga picha wa mashindano. Nilimwona. Alikuwa anatabasamu.

Nilifika Kericho wa tatu. Mume wangu alinishika mabega mawili akawa anasema tu, "Ya tatu! Ya tatu!" kama mtu aliyesahau maneno mengine. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi. Tulikuwa bado tumeshikana hivyo nilipoitwa kwenye hema la mkuu wa mashindano.

Mkuu huyo si mgeni, msije mkadhani. Ni Mkenya kama mimi, mtu wa heshima zake, viatu safi siku ya matope. Alinivutia kiti.

"Madam, tuna shida kidogo."

Akanionyesha picha kwenye simu. Ni mimi, ni kogo, ni aproni, ni kijiti. Msaada wa nje, akasema. Imebidi nitolewe.

"Na yule wa pili?" nikauliza. "Fundi wake, gurudumu jipya, ndizi imemenywa. Huo ulikuwa msaada wa wapi?"

"Huo unaruhusiwa, madam. Ulikuwa ndani ya kituo."

"Kwa hivyo ukiwa na gari na fundi uko ndani. Ukiwa na kogo uko nje."

"Sheria sikutunga mimi."

"Nje ya wapi, ndugu yangu? Mimi nilikuwa kwetu!"

Alishusha sauti, na hapo ndipo hasira yangu ya kweli ilipoanzia. Aliniambia kuna njia. Aliyenifuata alikuwa mbali sana nyuma. Kama ningesema kwamba wale wanawake walinivamia, kwamba nilikataa wakanilazimisha, angeniongezea dakika chache tu za adhabu na nafasi yangu ingebaki. Hata kwenye picha naonekana nikitikisa mkono. "Na mwakani," akaendelea, kana kwamba ananipa zawadi ya pili, "hiyo sehemu yote tutaifunga. Tutaweka kamba na walinzi, watu wasisogee barabarani mpaka mashindano yapite."

Kunivamia! Mama wa umri ule, na mwavuli wake, amenivamia! Na barabara hiyo anayotaka kuifunga kutwa ndiyo wanayobebea majani kwenda kituoni. Majani chai hayasubiri mtu. Ukiyachuma yakakaa ndani ya mfuko yanachemka yenyewe, yanageuka mekundu, na karani anayamwaga mbele yako. Kazi ya mtu ya siku nzima, jasho na mgongo, iende hivyo ili sisi tupite na baiskeli zetu?

Nilikuwa nimekataa kusukumwa, ni kweli. Kila neno alilotaka niseme lilikuwa karibu na ukweli, na ndiyo maana liliniudhi hivyo. Ningelisema bila hata kuona haya, na ningekuwa nimepanda ndege.

"Sikuvamiwa," nikamwambia. "Nilisukumwa. Na walinisukuma vizuri." Nikatoka.

Tulirudi nyumbani mimi na mume wangu. Karibu na lango ndipo aliposema, "Lakini si ulikataa?"

"Nilikataa."

"Basi ungesema hivyo tu."

"Sikusema, na sitasema."

Alininunia siku kadhaa, na simlaumu. Yeye alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kanisani.

Wale wanawake sikuwaambia kitu. Waliponiuliza nilisema tu kwamba mbele kulikuwa na watu wenye miguu kuliko mimi. Kogo alisema pole, akanipa maziwa ya kibuyu, mursik, akasema mwakani watanisukuma mapema. Nikayanywa yote.

Kisha siku moja napigiwa simu nikiwa kwa boma la mtu. Njoo kituo cha majani haraka, njoo ujione! Nilifika nikawakuta wamezunguka simu moja, wanasukumana kama watoto. Ilikuwa video ya mashindano, ya kuwaita watu mwakani. Kuna muziki mtamu, milima ya chai imepigwa kutoka angani, kijani kibichi mpaka macho yanauma, halafu, katikati kabisa, ni sisi. Mimi juu ya baiskeli na mdomo wazi, kogo nyuma yangu anakimbia na mwavuli. Na maandishi makubwa: Njoo ukutane na watu wakarimu wa milima ya chai.

Niliyasoma mara ya pili kwa kudhani nimekosea. Walinitoa kwa kusukumwa, na kusukumwa kule kule ndiko wanakouzia mashindano yao! Nilihisi masikio yamepata moto. Lakini wenzangu walikuwa na furaha jamani, kila mmoja anajitafuta, anauliza mbona uso wake umekatwa, na sikuwa na moyo wa kuwaharibia.

Aliyeharibu hakukusudia. Mke wa jirani yangu, mwenye hiyo simu, alianza kuwasomea maneno ambayo watu wameandika chini ya video. Wengi wamesifu. Kisha akasoma, "Huyu mama si ndiye alitolewa namba tatu kwa sababu ya kusukumwa?"

Wote wakageuka kunitazama. Hata karani aliacha mizani.

"Alitolewa?" kogo akaniuliza. "Ulitolewa, daktari?"

"Ni sheria zao tu, kogo."

"Sheria ndiyo ilikusukuma?" Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, polepole. "Kwa hivyo wewe wamekutoa, na sisi wametuweka kwa simu."

Alichukua kikapu chake akaenda. Siku hiyo nilimpigia mkuu wa mashindano nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni mwangu, na mengine nadhani hayakuwa ya Kikristo. Alinishukuru kwa maoni yangu. Ndivyo alivyosema, "Asante kwa maoni yako, madam." Video haikutolewa.

Mwaka uliofuata walikuja tena. Sikujiandikisha, lakini nilikwenda kusimama kilimani, sijui nikitafuta nini. Hawakuweka kamba. Hapakuwa na haja. Mvua ilinyesha, udongo ukashika, na kijana mmoja mgeni, hata hakuwa wa mbele, hakuwa na nafasi yoyote ya kupoteza, alikwama mahali pale pale. Wanawake walikuwa wametoka kituoni. Walijipanga kando ya barabara, vikapu mgongoni, mikono imekunjwa.

"Pole," mmoja akasema.

"Pole sana, kijana," akasema mwingine. Hakuna aliyesogea.

Sijawahi kuona kitu kama hicho Boito, na sitaki kukiona tena. Kijana alivuta, akateleza, akapiga magoti kwenye matope na baiskeli ikamlalia mguu. Akainua uso. "Nisaidieni basi, hata kidogo!"

"Tukikusaidia watakutoa," kogo akamjibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokaririshwa.

"Wacha wanitoe!" Alikuwa karibu kulia. "Wacha wanitoe tu, mama!"

Kogo hakumsogelea. Aligeuka akanitazama mimi, yeye, mama aliyezaliwa kwenye kilima hicho, akingoja nimpe ruhusa ya kumwinua mtu aliyeanguka. Nafasi yangu ya tatu nimekwisha kuwasamehe wenye mashindano, wakae nayo. Hilo la macho yake sijawasamehe, na nikikutana na yule mwenye viatu safi nitamwambia.

"Kogo, unaniangalia mimi kwa nini?" nikafoka, nikiwa tayari ndani ya matope. "Sukuma!"