Feliksi, Nahodha Asiyempita Mtu

Injini yangu iliibwa ziwani Feliksi akiwa ndiye nahodha, na mimi niliamini kaiuza. Hapa ufukweni kwetu, Bangwe nzima iliamini hivyo, ila wenzangu walinong'ona, mimi nikasema.

Feliksi ni mtu wa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi. Alikuja Bangwe kijana mwembamba, akaanza kwa kuwaanikia watu dagaa, akapanda kuvuta nyavu, mwisho nikampa mtumbwi wangu auongoze. Mrefu, mpole, Kiha chake kinasikika hata akikusalimia kwa Kiswahili. Hanywi. Hana nyumba ndogo. Ndiyo maana nilimshuku zaidi. Mwanamume asiye na kasoro ya kuonekana, anaificha wapi?

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Chombo kilichozima taa kiliwaita katikati ya maji, kikasema kimeishiwa petroli na kina mgonjwa. Akasimama. Wakaruka watu wenye mapanga, wakafungua injini, wakaenda zao, na yeye na wenzake wakarudi kwa makasia. Mvuvi gani wa ziwa hili hajui kwamba chombo kilichozima taa ni cha wezi? Mtoto wa chekechea anajua.

Nikamwambia akae pembeni. Mbalamwezi ilikuwa imeingia, mitumbwi yote iko mchangani, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Nikamwambia giza likirudi nitakuwa nimeamua: ama anapanda, ama napandisha mwingine. Injini ya kuanzia upya alikuwa ameniazima kaka yangu, na sikuwa tayari kuipoteza na hiyo.

Kabla sijaamua, Jumapili moja jirani yangu Fatu akaniletea habari kwamba Feliksi kila siku kama hiyo yuko Gungu, kwa Bariki fundi simu, anarusha dadu. Dadu! Nikaona sasa injini yangu ilikoenda. Nikapanda bodaboda hivyohivyo na kanga ya nyumbani.

Nilimkuta Feliksi na Bariki na wenzao wawili wamezunguka meza, karatasi na dadu katikati. Nikatafuta pesa, hata chini ya meza niliinama. Hakuna. Bariki akanieleza kwa adabu kwamba huo ni mchezo wa hadithi. Wao ni watu wa chombo kinachosafiri kwenye nyota, miaka mingi ijayo. Kila mmoja ana mtu wake anayemsemea, yeye Bariki anasimulia wanachokutana nacho, wao wanasema wanafanya nini. Dadu inarushwa pale tu jambo linapoweza kuharibika. Nikauliza nani anashinda.

"Hakuna anayeshinda, mama. Hadithi ndiyo inaenda mbele."

Mchezo usio na mshindi. Nikazidi kuwashuku. Nikavuta kiti.

Nitasema haki kwanza. Hadija, yule mshonaji wa sare za shule, ambaye ukimsalimia anaitikia kwa kidevu, mle ndani alikuwa fundi mkuu wa chombo na alikuwa anawakemea wanaume kama mama mkwe. Sikujua ana sauti. Lakini mchezo wenyewe una matundu. Dismasi muuza viatu vya mitumba ana mdomo, basi kila alichotaka alikipata kwa maneno, dadu imelala. Mlango mmoja tu, waufungue au wauache, waliujadili mpaka chai ikapoa, eti mtu wa Dismasi ana majonzi ya utotoni. Bariki akikwama kufikiri, wote wanakaa kumtazama usoni. Na kubwa kuliko yote, pale mtu anasifiwa kwa kusema uongo vizuri. Nahodha wangu ndipo anapojifunzia?

Nikamwambia Bariki nami nataka kucheza. Akauliza nitakuwa nani.

"Nitakuwa chombo," nikasema. "Kimezima taa. Kinaita."

Dismasi akaacha kutafuna karanga. Feliksi alinitazama, kisha akatazama meza. Yeye ndiye alikuwa nahodha wa chombo chao.

Nikaita kama alivyonieleza yeye mwenyewe: tumeishiwa mafuta, tuna mgonjwa, tusaidieni. Mwigizaji mimi si kitu, nilikuwa nasoma kama tangazo la msiba. Dismasi akasema tupite, huyu mama ni jambazi, anaonekana wazi. Wakacheka. Feliksi hakucheka. Akaniuliza taratibu:

"Mgonjwa wenu anaitwa nani?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikababaika, nikatafuta jina, mwisho nikasema Yona. Feliksi akatikisa kichwa.

"Na wale wa ziwani walichelewa hivyohivyo kujibu, mama. Nilijua ni uongo."

"Ulijua, ukasimama?"

"Nilijua nusu. Nusu nyingine ikaniuliza, na kama yupo kweli?"

Hilo hakuwahi kuniambia. Mtu anayetunga hujitungia ujanja, hajiongezei aibu. Lakini nikajiambia pia, Catherine, huu ni mchezo wa kusema lolote, na huyu kaona umekuja kumpima. Nikakaza uso. Nikamwambia Bariki bado naita.

"Tunasimama," akasema Feliksi.

Dismasi akapiga meza kwamba anatuua wote kwa upole wake. Wakaanza kubishana, huyu apite, huyu asimame, mpaka Hadija akawakata.

"Tuwaachie pipa la mafuta lielee hapohapo, sisi tusogee mbali. Wakiwa wagonjwa watalifuata. Wakiwa wezi, wameiba pipa."

Bariki akanigeukia, akaniuliza chombo changu kinafanya nini. Nilikuwa jambazi mzima na mapanga yangu, nikakosa la kufanya. Nikasema kinafuata pipa.

Nikarudi zangu Bangwe. Giza liliporudi Feliksi alikuja jioni ufukweni, akasimama mbali kidogo na mtumbwi, akaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikampa dumu dogo la petroli, limefungwa vizuri, nimelijaribu mwenyewe majini linaelea. Nikamwambia hilo si la injini. Akalitazama, akanitazama, akapanda. Nikampandisha na Dismasi pia, aliyechoka na viatu, maana nilitaka mle ndani awepo mmoja wa kusema tupite.

Wiki hiyohiyo walirudi asubuhi bila dumu. Nikauliza liko wapi. Feliksi akasema kuna watu waliita, taa wamezima. Waliliachia, wakasogea, wakasikia likigonga ubao wa chombo cha wale. Wezi au wagonjwa, hakujua.

Mimi pia sijui. Wakaanza kushusha dagaa. Nikapita nyuma ya mtumbwi, nikaweka mkono juu ya injini ya kaka yangu. Ilikuwa mahali pake, bado ya moto. Nikaenda kujaza dumu jingine.