Tulivyohitimu Umaskini kwa Viti vya Kuazima

Siku wakaguzi walipokuja kuangalia nani bado ni maskini na nani ameacha, mimi nilikuwa mtaroni. Ni mtaro ule wa kando ya njia ya zahanati. Tunauchimba kila kiangazi, mvua ya kwanza inaufukia, kisha tunapongezwa kwa kuuchimba tena. Wanaita ajira za muda. Ukipokea ruzuku ya serikali kwa ajili ya watoto lazima uchimbe, maana wanaogopa ukikaa bure utadeka. Basi nachimba, mtoto mgongoni, jasho langu linamwingia machoni, na msimamizi amekaa kivulini anatuambia tupunguze maneno, tunapoteza nguvu.

Tunaishi upande wa Kisanga. Ukitaka kitu cha dukani unakwenda Mikumi, ukitaka kudharauliwa kwa mhuri unakwenda Kilosa. Baba wa watoto yuko Ruhembe anakata miwa, na simu yake hupatikana pale tu yeye anapokuwa na shida. Nyumbani tupo wanne: mimi, wanangu wawili, na mama mkwe wangu, ambaye kwa ajili ya watoto wote tunamwita bibi.

Ruzuku ile nilikuwa siililii kwa ajili yangu. Yule mdogo alikuwa hapandi uzito. Kwenye kadi ya kliniki kuna rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu, na nukta yake ilikuwa imeingia kwenye kijivu na inateremka. Nesi aliniambia uji wa mahindi matupu hautoshi, nitie karanga, nitie yai, nitie maziwa. Alivyovitaja ungedhani nimeviweka juu ya kabati nimevisahau. Kabla hatujapokea chochote tulikuwa tunapelekwa semina, na huko tulifundishwa na dada mmoja wa rika langu, kucha ndefu, chupa yake ya maji baridi mezani.

"Akina mama, mtoto ale mara ngapi kwa siku?"

"Mara tanooo!" tunaitikia kama chekechea.

Mama mmoja nyuma akauliza, "Na mama yake je, dada?"

Watu wakaangua kicheko. Dada akasema tusitoke nje ya mada.

Haya, turudi kwenye ukaguzi. Kila mtu kijijini alijua wanakuja, na kila mtu alijua la kufanya. Baiskeli zilipelekwa shambani zikalazwa kwenye mahindi. Redio zikaingia kwenye magunia ya pumba. Kuna mzee alihamisha mbuzi wake wote kwa shemeji yake, na njiani wanalia wote kwa pamoja, kijiji kizima kinasikia umaskini wake unavyopita. Hatuoni haya, wala sisemi tuone. Anayekuja kukupima kwa kuhesabu sufuria zako, unamwonyesha sufuria unazotaka zihesabiwe.

Nyumba moja tu haikujua, na ni yetu. Bibi alikulia milimani, karibu na misheni, akafundishwa huko kupiga pasi vitambaa na kumpokea mgeni. Kwake yeye mgeni wa serikali ni mgeni. Asubuhi ile mimi nilipoondoka na jembe, yeye alibaki anawaza mtu kutoka Kilosa aje aketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaona aibu. Akaenda kwa jirani yetu wa upande wa kisima kuazima viti.

Jirani huyu ana viti vinne vya mbao vyenye mito, alivitengeneza kwa fundi Mikumi mwaka ule ufuta wake ulipokubali. Naye yumo kwenye mpango wa ruzuku kama sisi. Watoto wanne, mume hakuna. Bibi alidhani atabembeleza. Wapi! Jirani alivibeba mwenyewe mpaka kwetu, akaongeza meza ndogo na chupa ya chai, akasema, "Kaa navyo tu, bibi, wala usiharakishe kuvirudisha." Bibi akamwombea baraka. Kijiji kizima kilikuwa kinatoa vitu nje, sisi peke yetu tunaingiza ndani.

Nilirudi saa nane nikakuta sebule sijawahi kuiona. Vitambaa vya bibi vilivyofumwa zamani vimetandikwa juu ya mito, vyeupe kama harusi. Uani manyoya. Jogoo wetu, yule wa pekee, kachinjwa.

"Bibi, kuna msiba?"

"Msiba wa nini? Wageni wamekuja. Kijana mwenye adabu! Ameniamkia shikamoo na goti kapiga. Amekula paja, amekunywa chai, ameketi pale." Akanionyesha pale.

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Kile kioo chao. Kishikwambi. Ameniuliza bibi hivi viti ni vyenu? Nimwambie ni vya nani, mgeni kashakalia?"

Nilikaa chini, sakafuni. Mtoto mgongoni alikuwa analia na mimi nilisahau kumfungua.

"Akauliza nyama tunakula mara ngapi," bibi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepungua. "Naye anatafuna. Ningemjibu nini, mwanangu? Hatuli?"

Kijana mwenye adabu! Alikula jogoo wa nyumba maskini mpaka mfupa, akajifuta mdomo, akaandika kwamba nyumba hii si maskini. Mpaka leo namtafutia jina zuri la kumwita, na kila ninalolipata halifai kuandikwa.

Majibu yalisomwa ofisi ya kijiji. Hawakusema tumefukuzwa. Walisema tumehitimu. Neno lao hilo. Mtendaji wa kijiji alisimama akasoma akitabasamu, "Kaya zifuatazo zimehitimu, tuwapongeze kwa makofi." Watu wakapiga. Mimi nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kufungia maandazi, hakuna aliyenipigia makofi. Nimekuja kuyapata kwa kuhitimu umaskini, na mwanangu kwenye kijivu.

Nikaenda Kilosa. Bodaboda mpaka Mikumi, nikaunganisha gari. Ofisini nikapelekwa dirisha hili, kutoka hili nikapelekwa lile, na kwenye lile mwanamke mmoja alinisikiliza huku anachagua dagaa wa kwake kwenye gazeti. Nilipomaliza akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Wewe mbona unaongea vizuri? Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Sasa msomi mzima unang'ang'ania hela ya wazee na wajane?"

"Nang'ang'ania ya mtoto. Huyu hapa."

"Rudi kijijini. Ombeni mkutano wa hadhara. Wananchi wenyewe ndio wanaosema nani ni maskini, sisi hatuingilii."

Hawaingilii! Wameingia mpaka kwenye chungu changu, wametoka na paja, lakini hawaingilii.

Mkutano ukaitishwa. Anayetaka kurudishwa anasimama mbele, mwenyekiti anauliza, "Wananchi, huyu mnamtambua kuwa ni maskini?" na wanaokubali wananyoosha mikono. Majirani zako, watu uliosoma nao, kijana aliyekuwa anakuandikia barua darasani, wote wanakutazama wanapima kama umechakaa vya kutosha. Kuna mama alikuja na gauni limechanika kwapani, naye tumemwona kanisani Jumapili amependeza. Alipita bila kupingwa. Mimi sikuvaa matambara. Nilivaa sketi yangu ya kawaida, na nikasikia kabisa mtu anasema, "Maskini gani amesuka?"

"Nimesukwa na wifi yangu, bure," nikamjibu. "Nawe njoo usukwe, kama una nywele."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akagonga meza. Afisa mmoja kutoka wilayani alikuwa pembeni yake. Akasema kaya yetu ilikutwa na makochi.

"Si makochi, ni viti," nikasema. "Wala si vyetu. Viliazimwa siku hiyo kwa ajili yenu, mpate pa kukalia."

"Viliazimwa kwa nani?"

Nikatupa macho kwa watu. Jirani alikuwa mstari wa tatu. Alijifunika kanga mpaka kwenye nyusi, anamnyonyesha mtoto ambaye hakuwa na njaa. Ningemtaja, anatoka yeye naingia mimi. Wangu wawili kwa wake wanne. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na sijui hata ningesema nini, maana bibi alinyanyuka kabla yangu.

"Shikamooni," akasema, yeye mzee kuliko wote, na watu wakabaki hawajui waitikie nini. "Viti ni vya nyumbani kwangu. Huyu mkwe wangu ana hasira tu, amechoka na mtaro."

"Kwa hiyo bibi unathibitisha ni vyako?"

"Nimesema ni vya nyumbani kwangu. Unataka niape kwa ajili ya mito?"

Mikono iliyonyooka ilihesabika haraka. Ule wa jirani haukuwemo, na usingeweza kuwemo. Afisa naye akatupongeza.

Njiani nilimsemesha bibi maneno ambayo mkwe hamwambii mama wa mume wake. Nilimwambia amemwua mjukuu wake kwa ajili ya heshima ya viti. Akatembea tu. Tulipofika kwenye mwembe wa shule akasimama kupumua, akasema kwa Kisagara kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikuelewa:

"Yule mwanamke nilimwendea mimi mlangoni kwake nikamwomba, akanipa. Nimpeleke mbele ya watu akanyang'anywe? Watoto wake wanne wakale nini, viti?"

"Alikupa kwa sababu alikuwa anavificha, bibi! Alikutumia kama ghala!"

Bibi aliikaza kanga yake kiunoni. Nadhani ndipo alipoelewa. Halafu akasema, "Hata hivyo alinipa," akaendelea na safari.

Kesho yake asubuhi jirani alikuja. Nilijua amefuata viti na nilikuwa nimejiandaa. Nilivipanga mlangoni, vitambaa nimeviondoa, na matusi nimeyapanga vilevile. Akaingia bila kuviangalia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shoga, vile viti," akaanza, "kaa navyo kwanza."

"Nini?"

"Wamesema watarudia kukagua nyumba nyingine. Na baada ya maneno ya jana, wa kwanza si mimi? Nikivirudisha leo watanikuta navyo. Kwenu vinajulikana. Vimeshaandikwa."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu siku ile ya ukaguzi. Mwanamke huyu alituangalia tukizama jana, kanga usoni, na leo anakuja kuomba tumbebee mzigo tuliozama nao. Na kilichoniuma zaidi, hesabu yake ilikuwa sahihi. Sisi sasa tulikuwa nyumba pekee kijijini inayoruhusiwa kuwa na viti.

"Sawa," nikamwambia. "Ila ghala lina ushuru."

"Ushuru gani tena?"

"Karanga. Kila ukipokea ruzuku, unanunua za wanao na za huyu wangu mdogo. Zimekaangwa, zimetwangwa. Na kuku wako wakitaga, la kwangu lipo."

"Jamani! Si unichinje kabisa?"

"Wa kuchinja tulishachinja, akaliwa na mkaguzi."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Na nina viti vyako. Chagua."

Akanisonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni, akaniita mchawi, akaondoka. Bibi alikuwa chumbani amesikia kila kitu, na hakutoka kuniambia nina adabu mbaya. Jioni mtoto mkubwa wa jirani alileta kopo. Karanga zilikuwa zimetwangwa vizuri, hata chumvi aliweka. Sikutuma asante. Asante ningeituma kwa nani, kwa mwanamke aliyejificha nyuma ya kanga? Lakini nilizipika. Zikaisha, kopo likaenda tupu, likarudi limejaa. Mara nyingine lilirudi na maneno pia: mwambie yule mchawi mayai leo hakuna, kuku anaatamia.

Siku ya kliniki ilipofika nikambeba mtoto nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu ya wale wa mpango, maana wao wasipohudhuria kliniki wanakatwa ruzuku. Huo nao ni ubunifu wa mtu aliyekaa ofisini akadhani mama hampeleki mwanawe kupimwa mpaka atishwe kwa pesa. Nesi, yuleyule wa maziwa na mayai, aliponiona akashangaa.

"Wewe si mlishahitimu? Hulazimiki tena kuja."

"Kwa hiyo nimwache asipimwe?"

"Sijasema hivyo. Mbona mkali? Mvue nguo."

Nikamvua, nikamning'iniza kwenye mizani, akapiga kelele na kurusha miguu kama anayeibiwa. Nesi akasubiri mshale utulie. Akaangalia, akaigonga mizani kwa kidole, akaangalia tena, halafu akachukua kadi na kuweka nukta. Ilikuwa bado kwenye kijivu, lakini safari hii mstari wake ulipanda, umekaribia kugusa kijani.

"Amepanda huyu," akasema. "Unampa nini?"

"Uji wa karanga. Na yai, likipatikana."

"Si mmetolewa kwenye mpango? Karanga unazipata wapi?"

Nyuma yangu foleni nzima ilisogea kusikiliza. Jirani alikuwa wa nne kutoka kwangu, nimemwona tangu naingia, na safari hii kanga yake ilikuwa mabegani.

"Dada," nikamwambia nesi, "wewe andika uzito."